Muulize Fundi: Mtungi unang'aa, mbona wamekataa kuujaza?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mitungi ya kupigia mbizi na sishangai, manake vizimba vya samaki vimejaa ziwani na kila mwenye kizimba saa hizi anatafuta mtu wa kushuka chini kuangalia kama wavu umetoboka. Ile ya kwanza nimeijibu kwa urefu, zingine nitapita haraka, mnisamehe.

SWALI: Habari ya kazi mzee wetu. Mimi na ndugu yangu tuna vizimba vya ngege huku upande wa Dunga. Mwaka jana tulinunua mitungi miwili ya chuma, mtumba, kwa jamaa aliyekuwa anafanya kazi Mombasa. Juzi tukaipeleka kujazwa, wakaangalia maandishi ya shingoni wakasema mara ya mwisho ilipimwa 2014 kwa hivyo hawajazi. Nilishangaa sana kwa sababu inang'aa, hata rangi haijabanduka, na sisi tunatumia maji tamu ya ziwa si chumvi ya bahari. Sasa kuna mtu hapa mjini ananiambia nimpatie elfu mbili atanigongea mhuri mpya jioni hiyo hiyo. Nimpe? (Mwenye Vizimba, Kisumu)

JIBU: Ndugu yangu, rudisha hiyo elfu mbili mfukoni. Huyo jamaa anakuuzia namba zilizogongwa na nyundo, na namba za nyundo hata mimi naweza kukugongea kwenye ngazi ya nyumba yako, itakuwa imepimwa?

Tuanzie hapo kwa rangi, manake ndipo ulipochanganyikiwa. Rangi iko nje, hewa iko ndani. Mtungi wa chuma mara nyingi unaozea tumboni, mahali macho hayafiki, na ziwa kuwa na maji tamu hakukusaidii sana hapo, kwa sababu maji yanayoula mtungi si ya ziwa. Ni unyevu unaoingia na hewa kutoka kwa kompresa ambayo filta yake imechoka, ama ni tone moja tu lililokaa kwenye mdomo wa valvu wakati wa kuunganisha mpira wa kujazia, mtu hakupangusa, akafungua, likasukumwa ndani. Na ujue humo ndani kwa baa 200 (baa ni kipimo cha presha) oksijeni imeshindiliwa mara 200 kuliko hii tunayovuta hapa nje, kwa hivyo kutu inakimbia, haitembei.

Wacha nikupe kisa. Nikiwa kijana nilikuwa karakana moja huko pwani, jina niachie, tukaletewa mtungi wa manjano msafi kabisa, ungesema umetoka dukani. Mwenyewe analalamika tu hewa inatoka na harufu ya chuma. Nikautoa hewa polepole, nikafungua valvu, nikaupindua juu ya beseni. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya mkandaa, kama nusu kikombe hivi, na mwisho kabisa kukateremka matope mazito ya kahawia yakabaki yamekwama mdomoni. Nikateremsha taa ndani, ile ya balbu ndogo kwenye waya, nikaona ubavu mmoja wote una mstari wa vishimo, ulionyooka kama umechorwa na rula. Huo mstari ndio usawa wa maji wakati mtungi umelazwa sakafuni. Nikaangalia mhuri ili nijue ni nani alipima mara ya mwisho. Ulikuwa wetu. Miezi saba nyuma. Bosi akasema niupige brashi niufunge, nikakataa, tukakosana na sikukaa pale sana.

Sasa angalia vile maneno yalivyo. Ule mtungi ulikuwa umepimwa kweli, si kugongewa tu. Kilichouharibu ni kwamba kipimo chenyewe kinafanywa na maji, na yule aliyepima hakuukausha. Kwa hivyo hata ukipata mtu wa haki wa kupima, mwulize unakaushaje, na akikujibu ati tunaupindua tu maji yatoke, beba mtungi wako uende. Inafaa usuuzwe na maji ya moto halafu upulizwe hewa kavu yenye joto saa hiyo hiyo, chuma kitupu kikiwa na unyevu kinaanza kupaka rangi ya machungwa ukikitazama. Hiyo ya machungwa nyepesi, ya kufutika, haiui mtungi, wanauzungusha kwa mashine na changarawe za seramiki ndani mpaka uwe safi. Vishimo ndivyo vinaua.

Na kwa nini maji? Kwa sababu maji hayashindiliki vile hewa inashindilika. Mtungi wa lita 12 kwa baa 200 umebeba kama lita 2,400 za hewa, karibu kilo tatu za hewa tupu, ndiyo maana ukiwa umejaa unausikia mzito. Ukipasuka na hiyo hewa yote nyumba inaenda. Ukipasuka na maji utasikia mlio na maji kumwagika, basi.

Kipimo chenyewe nakueleza ili usidanganywe. Chuma kizuri ukikijaza presha kinavimba kidogo, jicho haliwezi kuona, na ukitoa presha kinarudi kilivyokuwa. Chuma kilichochoka ama kilicholiwa kinavimba halafu hakirudi chote. Kwa hivyo wanatoa valvu, wanamulika ndani, wanaangalia thredi za shingo, yale meno ya kukazia valvu, wanajaza maji mpaka juu, halafu wanauteremsha mtungi wote ndani ya pipa la chuma ambalo nalo limejaa maji na limefungwa, limeunganishwa na kijibomba cha kioo chenye alama, kile cha maabara, bureti. Wanapiga presha kupita ile ya kazi, yaani ile mtungi umeandikiwa kujazwa. Kwa mitungi ya sheria ya Marekani ni mara moja na theluthi mbili ya presha ya kazi, kwa ile ya Ulaya ni mara moja na nusu, ya baa 232 inapigwa 348. Mtungi ukivimba unasukuma maji ya pipa, yanapanda kwenye bureti, unasoma. Unashikilia angalau sekunde 30. Unaachia presha, unasoma tena. Tuseme ilipanda 80, na baada ya kuachia ikabaki 3 haijashuka. Hiyo 3 ndiyo chuma kilikataa kurudi, ni kama asilimia 4, mtungi mzuri kabisa. Ikibaki 9 hapo umepita asilimia 10, kwa mitungi mingi ya chuma ya Marekani huo umekufa, hakuna kubembelezana. Ulaya wanaruhusu pia njia nyingine, wanapiga presha na kuangalia geji isishuke bila kusoma kuvimba, ni halali lakini mimi napenda ya bureti kwa sababu inanipa namba ya kulinganisha na ya miaka mitano iliyopita.

Miaka mitano, ndiyo. Marekani ni kila miaka 5, Uingereza pia ni 5 na katikati kwa miaka miwili na nusu wanafungua kuangalia ndani. Wapiga mbizi wengi wanafungua kila mwaka na mimi naungana nao, hasa kama kompresa unayojazia huijui. Mtungi wako wa 2014 umekosa zamu mbili nzima, sasa hao waliokataa kuujaza usiwachukie, wao ndio wanaosimama karibu nao ukijazwa, wewe uko kwenye benchi unakunywa soda.

Cha kufanya: usiutupe. Chuma kinaishi miaka mingi sana kikitunzwa, kuna mitungi ya miaka arobaini inayopita kipimo bila jasho. Tafuta wanaopima mitungi ya gesi za viwandani ama ya kuzimia moto, Nairobi na Mombasa wapo, wapigie uulize maneno matatu: mna pipa la maji na bureti, mnakausha na nini, na nani amewaidhinisha. Mitungi ya presha inaguswa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na wanaoisimamia ni DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, kwa hivyo mtu wa kweli hataona haya kukuonyesha karatasi. Wakupe majibu kwa maandishi, si mhuri peke yake. Na mhuri wenyewe ugongwe kwenye mabega ya mtungi pale juu penye unene, ukiona mtu anakuja na nyundo kugonga ubavuni mkimbize. Kwenye basi upeleke ukiwa mtupu na umwambie makanga umetoa hewa, wengine wakiuona wanadhani ni bomu.

Jambo moja kabla sijakuacha. Vua kile kiatu cha plastiki kilicho chini ya mtungi. Chuma kina kitako cha mviringo kwa hivyo lazima kivae kiatu ili kisimame, na kiatu kinashika maji na matope ya ziwa mwaka mzima. Nje kote kunang'aa na hapo chini kutu imejenga nyumba. Nenda uangalie leo.

SWALI: Fundi mjomba wangu amerudi kutoka Marekani na mtungi wa chuma akaniachia, umeandikwa DOT 3AA2400 halafu mbele kuna 7 03 na alama ya kujumlisha. Wenzangu wana mitungi ya baa 232, nikienda nao pwani si naweza kuujaza sawa na wao? (Kijana wa Section 58, Nakuru)

JIBU: Hapana kijana. Hiyo 2400 ni presha ya kazi kwa psi, kipimo cha presha cha Marekani, ambayo ni kama baa 165. 3AA ni aina ya chuma, na 7 03 ni Julai 2003, mwezi uliopimwa mara ya kwanza. Ile alama ya kujumlisha inakuruhusu kuongeza asilimia 10, yaani 2640, kama baa 182. Hapo ndio mwisho. Ukiwaambia wakuwekee 232 wataweka, mtungi utanyamaza, utarudi Nakuru ukijisifu, na kila safari chuma kinanyoshwa kupita kilivyoandikiwa.

Na hiyo alama haikai milele. Kila kipimo inatakiwa mtungi uhakikishwe tena kwamba bado unastahili, ndipo igongwe upya pembeni ya tarehe mpya. Ukiona tarehe ya mwisho haina alama, rudi kwa 165 hata kama tarehe ya kwanza ilikuwa nayo. Halafu kama hakuna tarehe nyingine baada ya 2003 basi wewe bado hatujafika kwa mambo ya baa, soma jibu la juu.

Tarehe za kupimwa upya kule kwao utazitambua haraka: mwezi upande mmoja, mwaka upande mwingine, na katikati herufi moja na namba tatu zimepangwa kama pembe za mraba. Hizo ni namba za karakana iliyopima. Tarehe iliyogongwa peke yake bila huo mraba inanitia shaka.

SWALI: Tuna mtungi ulijazwa kabla ya corona haujaguswa tangu wakati huo, geji bado inaonyesha umejaa. Nasikia Marekani ukijazwa kabla tarehe haijaisha unaruhusiwa kuutumia hadi uishe. Si hewa ni hewa tu, haiozi? (Mama wa Boti, Mbita)

JIBU: Mama, ni kweli kule sheria yao haikukatazi kumaliza hewa iliyoingia kabla ya tarehe, wanachokataza ni kuujaza tena. Lakini mimi singevuta hiyo. Kutu ni chuma kilichokula oksijeni, sasa hiyo oksijeni imeitoa wapi kama si kwenye hiyo hewa yako? Mtungi wenye maji ndani ukikaa miaka, geji inaweza kuendelea kusoma vizuri kwa sababu sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni na naitrojeni haiendi popote, lakini oksijeni imepungua. Mtu anazima kama mshumaa chini ya maji na hasikii hata kukosa pumzi kwanza.

Fanya hivi: upindue kichwa chini ukiwa umeushika imara, fungua valvu kidogo sana na uangalie kinachotoka. Ukiona ukungu mweupe ama vitone, ama harufu ya msumari mlowevu, kuna maji. Hata usipoona kitu, mwaga hewa yote polepole, wafungue waangalie, ujazwe upya. Ukiuweka tena usiumalize hadi sifuri, acha baa kumi ama ishirini ili hewa ya nje isiingie na unyevu wake, na uusimamishe. Ukisimama, maji kama yapo yanakaa kwenye kitako ambacho ndicho kinene zaidi.

SWALI: Kiatu cha mtungi kimepasuka, kuna fundi Kibuye anasema ataniwekea miguu mitatu ya chuma kwa kuchomelea. Itashika? (Omosh, Kisumu)

JIBU: Itashika vizuri sana, na mtungi utakuwa chuma chakavu siku hiyo hiyo. Mitungi hii haina kiungo hata kimoja, imevutwa kutoka kwa chuma kimoja na kupikwa kwa moto wa kipimo. Moto wa kuchomelea unaharibu hicho kipimo pale unapogusa. Nunua kiatu kingine. Na kama tayari ameshachomelea, toboa mtungi uufanye chungu cha maua, usimuuzie mtu.

SWALI: Mzee, kwani kompresa ya pancha haiwezi kujaza mtungi? Iko hapa karibu na stendi, pwani ni mbali. (Mvuvi, Port Victoria)

JIBU: Ya pancha inaishia baa nane, kumi ikijitahidi. Mtungi wako unataka 200. Utakaa hapo stendi mpaka Krismasi.

Lakini hata kama ingefika, shida ni unachovuta. Kompresa ya matairi inanyonya hewa popote ilipo, moshi wa matatu, petroli, mafuta yake yenyewe yaliyoungua. Kipimo cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinataka monoksidi ya kaboni isizidi sehemu 5 kwa milioni, na sababu ni kwamba ukishuka chini presha ya maji inazidisha sumu yoyote uliyobeba. Kwa mita 10 tu baharini ni mara mbili, kwa ziwa letu lililo mita 1,134 juu ya bahari hesabu inageuka kidogo lakini haigeuki ya kukuokoa. Jaza kwa kompresa ya wapiga mbizi, na uchungulie bomba lake la kunyonya hewa liko upande gani wa jenereta. Hilo la mwisho watu wanacheka nikiwaambia lakini nimelikuta zaidi ya mara moja.

SWALI: Fundi valvu ya zamani ilivuja nikapata nyingine kwa rafiki, inaingia vizuri lakini inacheza kidogo, nikizungusha raundi chache inakaza. Nikiweka ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba itashika si ndiyo? (H., Homa Bay)

JIBU: H., ukisoma hii na mtungi una hewa, usiuguse valvu, usiubebe, toka hapo chumbani, halafu tafuta mtu anayejua mitungi aje autoe hewa. Kama hujaujaza, shukuru Mungu na uendelee kusoma.

Kuna thredi mbili kubwa kwenye mitungi hii na zinafanana kama pacha. Ile ya Ulaya ni M25, upana wake milimita 25. Ile ya Marekani ni ya robo tatu ya inchi, na jina lake lisikudanganye, upana wake unakaribia milimita 26 na nusu. Valvu ya M25 ukiipeleka kwenye shingo ya robo tatu inaingia, inacheza, inashika meno machache halafu inakwama, na mtu anadhani imekaza. Inaweza kushika hadi katikati ya kujazwa. Shimo la upana huo kwa baa 200 linasukuma valvu kwa nguvu ya karibu tani moja, na kichwa cha anayejaza kiko palepale juu. Hii imeshaua watu.

Tepu haihusiki kabisa. Kinachozuia hewa kwenye valvu hizi ni raba ya mviringo inayokaa juu ya thredi, thredi kazi yake ni kushikilia tu. Ukiona mtu ameweka tepu hapo jua hajui anachofanya, samahani.

Soma shingo ya mtungi, kwa kawaida imeandikwa M25x2 ama 3/4. Soma na valvu yenyewe. Kama kimoja hakina maandishi, pima valvu na vernia, kile kifaa cha kupimia upana, na ukikosa vernia usikisie. Ukiitoa angalia pia kama ile ya zamani ilikuwa na kijibomba chembamba kinachoning'inia ndani, kile kinazuia kutu na maji yasiingie kwenye njia ya hewa ukiinamisha kichwa chini, na kwenye valvu nyingi za mitumba kimeshakatwa. Halafu peleka mtungi na valvu zote mbili kwa mpimaji, kila kimoja peke yake, vikiwa havijafungwa pamoja.